Metre ya kukunjwa: historia ya kipimo mikononi mwa maseremala wa Mubi

Katika vitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya ngoma, ndoa, kazi ya wazee wa kijiji na masimulizi ya Mwindo, yale ambayo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliyatoa katika kitabu mwaka wa 1969 na kuyajulisha duniani. Hiyo ni vizuri sana. Lakini ufundi wa mikono nao ni mila. Tena ni mila ambayo haipigiwi makofi, na kwa sababu hiyo inapotea kimyakimya. Mimi nataka kuandika juu ya chombo ambacho kila mtu amekiona na karibu hakuna anayekiangalia: metre ya kukunjwa ya seremala.

Ile metre ya mbao, yenye rangi ya manjano au nyeupe, ndiyo ninayosema. Ndogo ina urefu wa metre moja na vipande vitano, kila kipande sentimetre 20. Kubwa ina metre mbili na vipande kumi. Vipande vimeunganishwa kwa vyuma vidogo vyenye springi: ukifungua, kipande kinalia "ta!" na kusimama sawa, ukikunja, chote kinaingia katika mfuko wa suruali. Huku Mubi, na katika vijiji vya barabara yetu kutoka Walikale-centre kuelekea Kisangani, ukiingia katika atelye ya fundi mwenye umri utaikuta bado, imening'inia juu ya msumari karibu na ekeri na rabo. Mara nyingi rangi imeisha, namba za kwanza hazisomeki tena, na kipande kimoja kimefungwa kwa waya. Kijana wa atelye anatumia metre ya ribani, ile ya chuma inayojirudisha ndani ya kikasha chake. Ukimwuliza mzee kwa nini hatupi ile ya zamani, anacheka tu. Hilo jibu la kucheka ndilo linastahili kuelezwa.

Tuanze mbali kidogo. Mababu zetu hawakukosa kipimo. Nyumba ya miti na majani haikusimama kwa bahati. Mjengaji alikata fito moja, akaitumia kuwa mama wa fito zote nyingine, au alikata kamba ya msituni na kufunga fundo pale alipotaka nguzo. Mwili wenyewe ulikuwa chombo: kidole, shibiri, mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, hatua, na mikono miwili iliyonyoshwa. Waswahili wa pwani walivipanga kabisa: shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima. Kule Lamu na Zanzibar, upana wa chumba katika nyumba za mawe ulifuata urefu wa boriti ya mkoko iliyopatikana, yaani metre mbili na nusu hadi tatu hivi. Chumba kilikuwa chembamba kwa sababu mti wa kuezekea ni mfupi. Hapo mti ndio uliompa mjengaji kipimo.

Wengine huuliza: mkono wa nani sasa? Maana mkono wangu si mkono wako. Ni swali zuri, lakini kwa kazi nyingi halina madhara. Kama mlango, fremu na nguzo zote zimepimwa kwa mkono ule ule, vitaingiana. Angalieni chukudu ya ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru. Ni gari la mbao la magurudumu mawili, linabeba magunia ya viazi na makaa kuteremka hadi Goma, na mji wa Goma umelijengea sanamu mwaka wa 2009. Fundi wa chukudu hana ploni ya karatasi. Anapima gurudumu la mbele kwa la nyuma, anatazama kimo cha mtu atakayelisukuma, anakata. Chombo kinatoka kimekaa sawa. Kipimo cha mwili kinashindwa siku moja tu: siku ambapo anayepasua mbao hamjui anayenunua, na anayenunua yuko mbali. Siku hiyo watu wawili wanahitaji mkono mmoja ambao si wa yeyote kati yao.

Huo mkono usio wa mtu ni wa zamani kuliko tunavyofikiri, na, tusishangae, kwa sehemu ni wa Afrika. Misri ya kale ilikuwa na mkono wa kifalme wa sentimetre 52 na kidogo, uliogawanywa katika viganja 7 na vidole 28. Mwaka wa 1906 Mwitaliano Ernesto Schiaparelli alifungua kaburi la Kha, msimamizi wa majengo aliyeishi karibu miaka 1400 kabla ya Kristo. Kati ya vitu vya Kha mlikuwa na kipimo cha mbao chenye bawaba katikati, kinachokunjwa, pamoja na mfuko wake wa ngozi. Kiko leo katika makumbusho ya Torino, Italia. Kwa hiyo mwanafunzi akisema kwamba metre ya kukunjwa ni "akili ya wazungu", mwalimu anaweza kumjibu kwa utulivu.

Metre yenyewe, kama kipimo, ilizaliwa Ufaransa: sheria ya 1795, kisha fimbo ya platini ya mwaka wa 1799. Tarehe 20 Mei 1875 nchi 17 zilitia sahihi Mapatano ya Metre kule Paris, na Ubelgiji ilikuwa mojawapo. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1885, Leopold II alijitangazia mamlaka juu ya Kongo. Ndiyo maana sisi tulipewa metre, wakati majirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanganyika, chini ya Waingereza, walipewa futi, inchi na yadi. Mpaka uliochorwa kati ya wazungu ulipita pia katikati ya mbao. Mtaona chini kwamba jambo hili halijaisha.

Metre ilitufikia kwanza kama amri, baadaye sana kama chombo. Kuanzia mwaka wa 1917 serikali ya Wabeleji ilianzisha mashamba ya lazima. Mtu wa serikali alikuja, alipima shamba, akaandika ari ngapi zimelimwa, na aliyepungukiwa alipata faini au kifungo. Barabara pia ilipimwa: kijiji hiki kitafyeka kutoka hapa hadi pale. Kwa wazee wa wakati ule, kupimiwa kulikuwa ni kudaiwa. Kamba ya kupimia ilikuwa mkononi mwa yule anayedai, na anayedaiwa hakuwa na kamba yake ya kusema "hapana, tupime tena". Kwa maoni yangu hapo ndipo tunaweza kuelewa kwa nini fundi Mwafrika aliyekuwa na metre mfukoni mwake aliheshimiwa kuliko mshahara wake ulivyostahili. Alikuwa mtu wa kijiji mwenye uwezo wa kupima tena.

Metre hizo zilitoka wapi? Uingereza ilikuwa na vipimo vya kukunjwa vya mti mgumu wa manjano unaoitwa buis kwa Kifaransa, vyenye bawaba za shaba. Kampuni ya Rabone ya Birmingham ilianza kazi hiyo mwaka wa 1784. Lakini bawaba ya kawaida inalegea, na kipimo kilicholegea ni kama shahidi aliyelewa. Ni ndugu wawili Wajerumani, Anton na Franz Ullrich, ambao katika miaka ya 1880 walitengeneza kiungo chenye springi, kile kinacholia "ta!". Tangu hapo metre ya kukunjwa ikawa chombo cha kila seremala wa Ujerumani, Ubelgiji na Ufaransa, na kwa njia hiyo ikaja katika masanduku ya vyombo hadi kwetu. Metre ya ribani si changa sana pia: Mwingereza James Chesterman alipata haki ya ribani ya springi mwaka wa 1829, na Mmarekani Alvin Fellows aliiboresha mwaka wa 1868. Huku kwetu ilichelewa tu.

Misheni na kampuni za madini ndizo zilizowafundisha maseremala wengi wa Kivu. Kampuni ya madini inahitaji mbao kuliko watu wanavyojua: mifereji ya kuoshea kasiterite, madaraja, nyumba za kambi, milango, viti vya ofisi, na majeneza pia. Mwaka wa 1976 kampuni mbalimbali ziliunganishwa kuwa SOMINKI, ambayo ilikuwa na kambi hadi Walikale, kama vile Utu. Katika kazi ya namna hiyo mtu alijifunza kuchora kabla ya kukata, na kupima kwa milimetre. Kisha bei ya kasiterite duniani ilianguka mwaka wa 1985. SOMINKI ililegea, wafanyakazi walirudi nyumbani, na mwaka wa 1997 nafasi yake ilichukuliwa na SAKIMA. Aliyerudi nyumbani bila malipo ya mwisho alirudi mara nyingi na vyombo. Wengine watasema ni vya kampuni. Mimi siingii katika kesi hiyo.

Halafu vita. Vita vya 1996, vya 1998, na vile vidogovidogo ambavyo havina jina katika vitabu lakini vina majina ya vijiji. Msomaji wa Masisi au Walikale hahitaji nimweleze kukimbilia msituni ni nini. Mtu anachukua watoto, chungu, blanketi, chumvi. Meza ya useremala haibebeki. Msumeno mrefu wa watu wawili haubebeki. Rabo ni nzito. Atelye inabaki, na ukirudi umekuta meza imekuwa kuni za askari. Lakini metre ya kukunjwa ina urefu wa kiganja na uzito wa mkate mdogo. Ilikuwa tayari mfukoni. Hiyo ndiyo sababu ya wazi kwa nini katika atelye nyingi chombo cha zamani kuliko vyote ni hicho. Mwaka wa 2025 tena, mwezi wa Machi, M23 waliposhika Walikale-centre kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili, watu wa barabara hii walikimbia kwa namna ile ile, na nadhani metre zile zile zilikimbia pamoja nao.

Kati ya vita hivyo kulikuwa na miaka ya haraka. Kasiterite ya Bisie ilipoanza kuchimbwa kwa mikono mwaka wa 2002, watu walikuja kutoka pande zote, ndege ndogo zilitua juu ya lami pale Kilambo kubeba mizigo kwenda Goma, na Mubi na Njingala zikajaa maduka ya mbao. Mwaka huo huo, tarehe 17 Januari, Nyiragongo ilikuwa imechoma sehemu kubwa ya Goma, na watu walijenga nyumba za mbao juu ya mawe ya moto yaliyopoa. Hitaji la mbao lilipanda kila mahali. Vijana waliingia katika useremala bila kupitia kwa fundi. Walinunua metre ya ribani ya bei ndogo kutoka China na kuanza. Serikali iliposimamisha uchimbaji kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, wengine waliacha kazi hiyo upesi kama walivyoingia. Siwalaumu. Tumbo halisubiri. Lakini mlolongo wa mwalimu na mwanafunzi ulikatika hapo.

Sasa nirudi kwenye futi na metre, maana hapo kuna pesa. Mbao ya kawaida ya soko la kwetu ni metre 4, upana sentimetre 30, unene sentimetre 5. Lakini muvula na libuyu za misitu ya mashariki zinavuka pia mpaka kwenda Uganda na Kenya, na kule, ingawa serikali zao zilipokea metre baada ya uhuru, fundi na mfanyabiashara bado wanaongea futi na inchi. Wakati mwingine wanaagiza futi 14, inchi 12, inchi 2. Kwa jicho ni mbao ile ile. Tuhesabu pamoja, kama ubaoni darasani.

Mbao ya kwetu: 4 × 0,30 × 0,05 inatoa metre kubiki 0,06. Mbao ya futi 14 ina urefu wa metre 4,27, upana sentimetre 30,48 na unene sentimetre 5,08. Inatoa metre kubiki 0,066. Tofauti inaonekana ndogo kama nywele. Lakini zidisha kwa kumi: mbao kumi za futi 14 zina mti sawa na mbao kumi na moja za metre 4. Mpasuaji anayelipwa "kwa mbao" na kukubali kukata futi 14 kwa bei ya metre 4 anatoa mbao ya kumi na moja bure, anaibeba bure, na anamaliza mti wa msituni bure. Hakuna mtu aliyemwibia usiku. Ribani nyingi za madukani zina maandishi ya pande zote mbili, inchi juu na sentimetre chini, na mnunuzi anashika upande anaoutaka. Nimesikia mabishano ya hivyo: "Hii mbao haina kumi na nne, kijana." "Papa, iko na nne na zaidi!" Na wote wawili wanasema ukweli. Mzee mwenye metre yake ya kukunjwa, isiyo na inchi hata moja, anaitoa mfukoni, anafungua mara mbili juu ya mbao, na kusema: nne, na sentimetre 27 za kulipwa. Basi, hapo ndipo anapochekea.

Tusifanye chombo hicho kuwa malaika. Kina makosa yake. Kipande cha kwanza kinaisha kwa kugongwa, ndiyo maana fundi mjanja haanzi kupima kwenye sifuri. Anaanza kwenye 10, kisha anatoa 10. Viungo vikilegea, metre mbili inaweza kuzidi kwa milimetre kadhaa. Kwa nguzo na nyumba ndefu, ribani inafaa zaidi. Ila hata ribani ina siri ambayo vijana hawaambiwi: ile ndoano ya mbele inachezacheza kwa makusudi. Inasogea kiasi cha unene wake wenyewe, ili kipimo kiwe sawa ukiivuta kwa nje au ukiisukuma kwa ndani. Wengi wanadhani ni uharibifu, wanaipiga nyundo ikae imara, na kuanzia siku hiyo madroo yao hayafungiki.

Kuna kazi ambazo metre ngumu ya mbao inazifanya vizuri kuliko ribani, na hizo ningependa zifundishwe. Una mbao yenye upana wa sentimetre 23 na unataka sehemu nne sawa. Usigawanye 23 kwa nne, utapata 5,75 na kichwa kitauma. Weka metre mshazari juu ya mbao, sifuri ukingo mmoja na 24 ukingo wa pili, tia alama kwenye 6, 12 na 18. Imekwisha. Hii ni kanuni ya Thales ambayo wanafunzi wanaiandika katika daftari na hawajui inatumika wapi. Au una kona ya nyumba na hujui kama imenyooka: pima 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na metre iliyofunguliwa ikatize alama hizo mbili. Ikisoma 100 kamili, kona ni ekeri. Pythagore hakuwahi kufika Mubi, lakini kazi yake inafanyika hapa kila wiki.

Ushirika wetu umeulizwa kama inafaa kukusanya vyombo hivi na kuviweka katika kabati. Mimi nasita. Kabati ya Mubi haina maisha marefu; tumeona maktaba, dawa na madawati yakibebwa mchana. Tena metre iliyofungiwa haisemi kitu, wakati ile iliyo kazini bado inamsaidia mtu kulipwa. Maoni yangu ni kukusanya habari na kuacha chombo kwa mwenyewe, isipokuwa pale ambapo familia haina tena fundi na inataka kukitoa.

Kwa kila chombo tuandike ukurasa mmoja wa daftari. Urefu, idadi ya vipande, aina ya mti, maandishi ya kampuni kama bado yanasomeka, na kama kina inchi. Nani alikipata kwanza, kwa kazi gani, kilipita kwa nani, kilikimbia mwaka gani na kilirudi mwaka gani. Hasa zile alama ambazo mafundi walikata wenyewe kwa kisu pembeni mwa namba: kimo cha kiti, upana wa mlango, urefu wa jeneza la mtoto. Alama hizo hazina maandishi, ni mwenyewe tu anayezijua, na akifa zinakuwa mikwaruzo. Yule asiyependa kuandikwa jina asiandikwe. Picha ichukuliwe kwa simu, pande zote mbili, na nakala ya daftari ipelekwe mahali pengine, Goma au Bukavu, kwa mtu anayeaminika.

Mwisho, chombo kipimwe chenyewe. Kiwekwe kando ya kipimo kipya cha chuma, si kando ya ile rula ya darasani ambayo wengi wetu tuliijua kwanza kwa mgongo, na tofauti iandikwe kwa milimetre. Viungo vipewe tone la mafuta ya mashini ya kushona. Mawese hapana, yanaganda na kuita mende.